Miarobaini ya Upande wa Barabara

Kinachonitia kinyaa kuliko vyote hapa Utemini si mitaro wala nzi wa buchani. Ni kitambaa cheupe. Mimi ni fundi cherehani, nashona magauni ya harusi na ya komunio, na mtu anayeshika kitambaa cheupe kila siku huijua hewa ya mtaa wake kuliko anayeivuta tu. Asubuhi nalaza satini mezani, nafungua dirisha nipate mwanga, nakwenda jikoni kumimina chai. Nikirudi, satini imeshapata rangi ya ugali wa mtama. Nikipitisha kidole juu yake, kidole kinaacha mstari. Kiangazi, upepo wetu wa Singida unapoamka, hata pini zangu nazipuliza kabla ya kuzishika kwa midomo.

Nilikuwa nimezoea. Mtu huzoea hata kunguni. Lakini mama yangu alipoletwa kutoka kijijini kwetu Mungaa, akishuka kwenye gari kwa kushikwa mikono miwili na kusimama katikati ya uwanja kutafuta pumzi, nikaiangalia ile barabara yetu ya vumbi upya nikaichukia.

Hospitalini daktari alisema mapafu ya mama yamechoka. Moshi wa mafiga, ule wa maisha yake yote ndani ya jiko lisilo na dirisha, ulikuwa umemla polepole. Akampa dawa ya kuvuta na vidonge, akaniita pembeni. "Dawa zitafanya kazi yake," akasema, "lakini ukimrudisha kwenye moshi na vumbi, usinilaumu. Hivyo viwili ndivyo vitakavyomuua." Nilitoka pale nikiwa na hasira ambazo sikujua nimpe nani. Nilimtoa mama kwenye jiko la moshi nikamleta kwenye nini?

Barabara yetu haina lami. Msimu wa alizeti malori hupita mchana kutwa kwenda kwenye mashine za kukamua mafuta, na kila lori huacha nyuma yake wingu ambalo halina haraka ya kutua. Upepo ukigeuka, mashine zenyewe hutuletea makapi, mepesi, meusi, yananasa kwenye nywele na kwenye mboga iliyoanikwa. Halafu kuna jirani yangu wa mkono wa kushoto. Mama mkarimu kupindukia, hana kitu ambacho hawezi kukugawia, hata moshi. Kila asubuhi hufagia uwanja wake mpaka ardhi inang'aa, husogeza alichofagia kwenye shimo la pembeni, na hukiwasha. Majani, mifuko ya plastiki, pampasi za wajukuu, kandambili zilizokatika. Moshi wake hukaa mdomoni. Ukiuvuta unahisi umelamba kitu ambacho hukupaswa kukigusa hata kwa kijiti.

Nilimwambia mara nyingi, kwa upole na bila upole.

"Dada yangu," akanijibu, "taka zisipochomwa zitakwenda wapi?"

Na kweli, gari la taka lilikuwa likija linapojisikia.

Basi mwenyekiti wa mtaa alipoitisha mkutano wa miti, nilikuwa wa kwanza kukaa. Wageni wakubwa walitarajiwa kupita mtaani kwetu, na ilikuwa imeamuliwa kwamba kila nyumba ipande miti mbele yake, ya aina moja, ili mtaa upendeze na vumbi lipungue. Kupendeza kulitajwa kwanza, ningepaswa kushtukia hapo hapo. Lakini mimi nilikuwa na kifua cha mama kichwani, nikadhani na wenzangu wana vifua.

Sijawahi kusikia miti ikisengenywa namna ile. Mwembe ukakataliwa kwa sababu watoto watarusha mawe na mawe yatavunja vioo. Mzambarau utatia madoa nguo za kuanika. Mkwaju, alisema mzee mmoja, hukaribisha vitu ambavyo hakutaka kuvitaja mchana. Mkungugu una miiba, utatoboa matairi ya bodaboda. Mjohoro una viwavi. Hata mchumba asiyetakiwa huachiwa sifa moja, angalau husemwa anajua kupika. Miti ile haikuachiwa hata moja.

Nikasimama. Sikuwa na elimu ya miti, nilikuwa na macho tu. Nikawaambia kwamba mti wa kusaidia hewa ni ule wenye majani mengi, madogomadogo, usiobaki uchi kiangazi chote, unaovumilia ukame wetu, na unaopandwa ukabanana na wenzake. Vumbi linakuja, linagonga jani, linabaki pale mpaka mvua ilioshe lirudi chini. Nilikuwa nimekuja na kitawi cha mwarobaini nilichokata kwenye mti ulio pale kijiwe cha bodaboda, na kipande cha satini nyeupe kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi. Nikapangusa jani moja mbele yao. Satini ikatoka na doa la kahawia lenye weusi pembeni. Nikainua juu wote waone.

"Hili," nikasema, "lingekuwa kifuani mwa mtu."

Nikadhani nimewapata. Kisha mama mmoja wa mstari wa mbele akakunja pua.

"Kumbe mti wenyewe ni mchafu hivyo! Na ndio unataka tuupande mlangoni?"

Wakaangua kicheko, wakakubaliana naye. Mwingine akaomba nikitupe kile kitambaa mbali, watoto wasije wakakishika. Nilikaa chini nimeshikilia ushahidi wangu mkononi, na ushahidi wangu ndio ulikuwa umenishitaki. Mpaka leo nikikumbuka ile pua iliyokunjwa natamani kuikunjua kwa mikono yangu.

Ukapita mwashoki, ule mti mrefu mwembamba ulionyooka kama mshumaa, bila kupingwa. Hauna tunda, hauna mwiba, na kivuli chake hakitoshi kumlaza kuku. Ni mti wa kisasa, wakasema, uko mbele ya kila ofisi yenye heshima. Sina ugomvi na mwashoki wenyewe. Ukiuacha utoe matawi kuanzia chini, unaweza kuwa ukuta mzuri wa vumbi. Lakini wenzangu, ulipoanza kukua, waliunyoa kutoka miguuni hadi mabegani ili nyumba na vigae vyake vionekane kutoka barabarani, wakapaka mashina chokaa yakawa kama soksi za wanafunzi. Vumbi likawa linapita chini bila kupigiwa hodi, pale pale zilipo pua za watu, na juu majani yanang'aa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hao wageni wakubwa walipita siku yao vioo vimefungwa, wakatutimulia vumbi, na sisi tukawapigia makofi tukiwa tumefumba macho.

Mimi nilipanda miarobaini. Niliipanda upande wa barabara na upande wa jirani, safu mbili zilizopishana, na chini yake nikaweka michongoma ili pasiwe na uwazi wa kupitisha hata kuku. Mwenyekiti akaja kulalamika kwamba nyumba yangu inaharibu mstari. Nikamwambia kifua cha mama yangu hakijui mstari. Akatazama mlangoni, alikokuwa amekaa mama na kopo lake la kutemea, akasema, "Shikamoo, bibi," akaondoka.

Mama hakuipenda ile miti mwanzoni. Kwake uwanja wa mwanamke mwenye akili ni mweupe, umefagiliwa, hauna jani, na nyoka akipita anaonekana. Lakini alikuwa mkulima, na mkulima hawezi kukaa karibu na mche wenye kiu. Maji yetu ni ya kununua kwa dumu, yeye akayapanga. Maji ya kuoshea vyombo kwa michongoma, maji ya kusuuzia nguo kwa miarobaini. Alikuwa anakwenda na kopo, anasimama kuhema, anakwenda tena. Nikijaribu kumpokea ananikemea. "Kashone," anasema. "Hivi navijua mimi."

Ikakua. Mwarobaini ukishashika ardhi haukusubiri. Ilipofika usawa wa dirisha nilianza kuona tofauti kwenye satini, na ilipofika paa, mama akaanza kukaa barazani mchana akichambua choroko, mahali ambapo zamani hakuweza kukaa bila kuziba mdomo kwa kanga. Sisemi alipona. Nasema alilala usiku, na mimi nikalala. Malori yakapita upande wa pili, tukiyasikia tu. Na majani yale ya upande wa barabara yakawa ya kutisha, mazito, ya kijivu, kama yamechovywa kwenye uji. Wapita njia waliyatazama kwa karaha. Mimi niliyatazama kwa furaha, maana nilijua ile ni karaha ambayo mama yangu hakuivuta.

Sasa sikia watu walivyo. Mti ule ule waliouita mchafu ulipokomaa, wakagundua kwamba ni dawa. Nani asiyejua mwarobaini? Malaria, minyoo, upele, tumbo, kijicho. Wakaanza kuja na vikapu. Hakuna aliyeingia ndani kuomba majani ya upande wa nyumba, yaliyo safi. Walichuma walipofikia, yaani barabarani. Nilimwona yule yule mama wa pua iliyokunjwa anachuma majani yenye unga wa barabara, anayaingiza kwenye mfuko, anakwenda kumchemshia mjukuu. Nikatoka mbio.

"Mama, hayo angalau yaoshe!"

"Yakioshwa nguvu inatoka," akanijibu, kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

Nilirudi kwenye cherehani nikakosea mshono.

Lakini hilo lilikuwa cha mtoto. Siku moja nilitoka sokoni mapema, nikamkuta mama katikati ya chumba, amejifunika blanketi gubigubi, sufuria chini ya miguu yake, mvuke unatoka pembeni. Anajifukiza. Nikavuta blanketi. Alikuwa amefumba macho, jasho linamtiririka, anavuta ule mvuke kwa nguvu zake zote ndani ya kile kifua ambacho nilikuwa nakilinda kama yai. Nikaangalia ndani ya sufuria. Majani yalikuwa yanaelea, na juu ya maji palikuwa na utando mweusi wenye mafuta mafuta, ule wa malori, ule wa pampasi za jirani, kila kitu ambacho miti ilikuwa imekizuia miaka yote, sasa kimechemshwa, kimekolea, anapewa kwa mara moja.

"Mama! Unavuta barabara!"

"Navuta dawa."

"Umechuma upande gani?"

"Upande wenye nguvu," akasema. "Huku ndani majani ni laini, hayajapambana na kitu."

Nilimwaga ile sufuria chooni. Chini palibaki matope, matope kabisa, ya kushika kwa vidole. Nikambebea nikamwonyesha. Akayaangalia, akayanusa, akaguna. Kisha akasema jambo lililonimaliza: yule jirani wa mkono wa kushoto ndiye aliyemchumia na kumletea, kwa sababu alisikia kikohozi chake kupitia dirishani na roho ilimuuma. Yule yule mwenye shimo. Asubuhi anamchomea pampasi, mchana anamletea dawa. Na majani ya miti yangu yaliyodondokea kwake alikuwa akiyachoma pia, kwa sababu moshi wa mwarobaini, alisema, hufukuza mbu. Ningemchukiaje mtu wa namna hiyo mpaka mwisho? Nilijitahidi.

Baada ya hapo mama aliapa kutoigusa tena miti ya upande wa barabara. Nikaanza kumchumia mwenyewe majani ya upande wa ndani, nikiyaosha mbele yake, na yeye akiyanywa kwa uso wa mtu anayekunywa maji matupu. Tukaenda hivyo.

Kiangazi kilichofuata mume wa jirani akafariki. Aliugua siku chache tu. Kilio kilipopanda alfajiri, mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka na kujifunga kanga ya pili. Mchana ndugu wakaanza kufika, wa Singida mjini kwa miguu, wa vijijini kwa malori, na ikasemwa kwamba wa Itigi wako njiani nao ni wengi. Uwanja wa jirani ni mdogo. Wanaume wakapima kwa hatua, wakanong'ona, wakaja mlangoni kwangu na mapanga na shoka, kofia mkononi.

"Pole kwa msiba, dada," akasema aliyewatangulia. "Tunaomba hii miti ya hapa katikati tuiondoe, turubai lipite lifike kwako. Na kuni nazo hazitoshi."

Nikasema hapana.

Kama hujawahi kusema hapana msibani, usijaribu. Hawakukasirika, ingekuwa nafuu. Walitazama chini, wakaona aibu kwa niaba yangu. Nikaanza kueleza, mama yangu, kifua, daktari, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuwa mtu mdogo. Mmoja akasema taratibu, "Ni miti tu, dada."

Mama akatokea nyuma yangu. Wote wakamwamkia kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu," akasema. "Kateni."

Nikamvuta ndani. Nilimwambia, "Mama, ile si miti. Ile ni pumzi yako. Ikikatwa, kiangazi hiki hukimalizi."

Akakaa kitandani kwanza, maana hata kutoka mlangoni hadi pale kulimchosha. Alinitazama kwa macho ya mtu anayemfundisha mtoto kitu ambacho alipaswa kukijua tangu zamani.

"Na nisipokimaliza," akasema, "nani atanibeba kunirudisha Mungaa? Wewe na cherehani yako? Nani atachimba, nani atapika, nani atalala chini hapa na wewe ili usilie peke yako? Wewe umenipandia miti, asante. Lakini mti hauji msibani, mwanangu."

Nilikuwa na mengi ya kumjibu, ila yote yalikuwa ya hewa.

Wakakata. Pigo la kwanza la shoka lilipotikisa shina, vumbi lote la kiangazi likawamwagikia vichwani. Wakarudi nyuma wakipiga chafya, wakakohoa, wakajifuta macho kwa mikono ya mashati. "Miti gani hii michafu!" akasema mmoja wao, na kwa jinsi nilivyokuwa, nilitaka kucheka, nikaogopa kwamba nikianza sitaacha. Waliangusha upande wote wa jirani. Waliokuwa wamenogewa na kazi wakaendelea na wa barabarani, na hakuna aliyewazuia. Magogo yakakatwa mabichi, yakaburutwa hadi kwenye mafiga, na matawi yake yakafuata na majani.

Mwarobaini mbichi hauwaki. Unafuka. Jioni turubai zima lilikuwa limejaa moshi mweupe, mchungu, na wanawake wa jikoni walikuwa wanalia machozi ambayo mfiwa angeweza kudhani ni ya kumlilia mumewe. Malori yalipita, na sasa tuliyaona, na vumbi lake likaingia na kukaa nasi kama ndugu wengine. Mama alikuwa kwenye mkeka, karibu na moto kuliko watu wote, kwa sababu ndipo alipokuwa mfiwa. Jirani yangu alikuwa amemlalia begani. Mama alikuwa akimpapasa mgongo, taratibu, taratibu, na nilikiona kifua chake kinavyopanda juu kutafuta hewa na kushuka bila kuipata.

Nikamfuata nikainama. Nikamwambia sikioni tuingie ndani, dawa yake iko mezani.

Akatikisa kichwa. Pale nje taa za gari zilikuwa zimegeukia uwanjani, watu wanashuka, kilio kinapokelewa.

"Wa Itigi wamefika," akasema, kwa sauti ambayo ilibidi nimkaribie kuisikia. "Na chai haijachemka. Ongeza kuni."

Nikaenda kwenye rundo. Nikachukua gogo la mwarobaini, bichi, bado na matawi madogo ya upande wa barabara, nikalisukuma chini ya sufuria. Moshi ukainuka, na mama akaanza kukohoa.